Turbo Si ya Barabara ya Madogo

Leo nataka tuzungumze juu ya vijana wetu na magari yao ya turbo, na mahali ambapo magari hayo yanastahili kukimbizwa.

Anayeishi karibu na barabara kuu ya A3 anaujua mlio ninaousema. Saa sita za usiku injini inanguruma kutoka upande wa daraja la Tana, gia inabadilishwa, halafu ekzosi inatoa pa, pa, pa! Ile ni petroli ambayo haikuungua ndani ya injini, inakwenda kuwakia kwenye bomba la moshi. Siku hizi kompyuta ya gari hupangwa makusudi ili mlio huo utoke kila dereva anapoinua mguu. Mwenye gari anafurahi, na wenzake waliokaa nyuma wanapiga kelele za shangwe.

Lakini huu ni mji wa Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wapo watu hapa, na wengine ni majirani zangu, ambao wakisikia mlio wa namna hiyo usiku hudhani ni risasi, hulala sakafuni kwanza, ndipo waulize ni nini. Afisa aliyesimama kwenye kizuizi gizani naye ana bunduki mkononi, na hana njia ya kujua kwamba kilicholia ni ekzosi ya kijana wa mtaa wa Bulla Iftin anayejifurahisha. Siku moja mtu atajibu mlio huo kwa risasi. Ndiyo sababu nimeona nilizungumze jambo hili wazi, hewani, kabla halijatuletea matanga.

Mniwie radhi wazee wangu, kwa sababu najua wengi wenu mnangoja niseme magari haya yanyang'anywe. Sitasema hivyo. Ninayapenda magari haya. Mtoto wa kwetu anayekaa chini ya boneti kuanzia asubuhi hadi magharibi, mikono imejaa oili, akitafuta kwa nini silinda ya tatu haiwaki vizuri, huyo amejifunza kitu ambacho darasani hakupewa. Hasira yangu iko kwingine: tumemwacha na barabara ya umma kuwa uwanja wake pekee.

Kwa msikilizaji ambaye gari kwake ni la kumfikisha sokoni tu, nieleze turbo kwa ufupi. Injini inahitaji mafuta na hewa ili itoe nguvu. Mafuta ni rahisi kuongeza, kazi ipo kwenye hewa. Turbo ni kama feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na feni ya pili, upande wa pili wa mhimili, inavuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao umebebwa na utando mwembamba wa oili tu. Aliyeipatia hataza fikra hii ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Huku kwetu wengi wameijua turbo kupitia dizeli, kwenye Hilux Surf na Land Cruiser zinazopanda na mizigo hadi Mandera. Turbo ya petroli tuliiona kwenye Safari Rally. Björn Waldegård alishinda Safari ya 1984 kwa Toyota Celica yenye turbo, Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1985, Waldegård akarudia 1986. Mwaka 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan, naye kwa Celica ya turbo, na katika mashindano hayohayo Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza ya Kundi N, yaani gari lililo karibu sana na lile linalouzwa dukani. Mimi naamini mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yalitia mizizi kwa Njiru. Mtu alimwona ndugu yake Mkenya akiwafukuza Wazungu na Wajapani kwa gari ambalo angeweza kulinunua akiba ikitosha.

Sasa gari hilo limefika Garissa likiwa mtumba kutoka Japani, likapitia kwa fundi wa Nairobi, likabadilishwa. Ekzosi imepanuliwa, filta imebadilishwa, kompyuta imepangwa upya, shinikizo la turbo limepandishwa. Hapa naomba kila kijana mwenye gari la namna hii anisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linaua injini nyingi na watu wanadhani ni mkosi.

Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700. Garissa iko mita 150 hivi. Unapotoka Nairobi, ukapita Thika, Matuu, Mwingi, Nguni, Ukasi na Bangale, unashuka mita 1,500 nzima bila kuhisi, kwa sababu mteremko umesambaa kwenye safari ya zaidi ya kilomita 350. Shinikizo la hewa ya Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la pwani. La Garissa linakaribia la pwani kabisa. Kwenye turbo kuna mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ili shinikizo lisizidi, mafundi huuita westigeti, na springi yake hupima kwa kulinganisha na hewa ya nje. Fundi wa Nairobi akiuweka kwenye baa moja, baa ikiwa kipimo cha shinikizo, injini inapata baa moja juu ya hewa nyepesi ya pale, jumla kama baa 1.8. Gari hilohilo, bila mtu kuligusa, likifika hapa linapata baa moja juu ya hewa nzito ya kwetu, na jumla inakaribia baa 2. Kijana anashuka kwenye gari akitabasamu. Anasema, wallahi gari limekuwa na nguvu zaidi, limefurahi kufika nyumbani.

Na kweli nguvu zimeongezeka. Ila pamoja nazo limekuja joto. Wakati wa kiangazi cha jilaal, saa nane mchana, kivulini tunafika nyuzi 37, na juu ya lami ni zaidi sana. Hewa ikishindiliwa hupata moto zaidi. Inatoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100. Ndiyo maana gari lina intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Lakini intakula haiwezi kupoza hewa ikawa baridi kuliko hewa inayoipulizia. Kule Nairobi inapulizwa na hewa ya nyuzi 22, hapa inapulizwa na ya nyuzi 37. Zaidi ya hayo, zile Subaru Impreza WRX STI za soko la Japani zilitengenezwa zinywe petroli ya kule yenye okteni ya karibu 100, na super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Ukijumlisha shinikizo lililozidi, hewa ya moto na petroli dhaifu, unapata mafuta yanayolipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Injini inagonga. Mlio wake ni mdogo, kama changarawe ndani ya kopo, na muziki ukiwa juu huusikii. Pistoni zinapasuka pale ringi zinapokaa, moshi wa buluu unaanza kutoka nyuma, na safari ya kurudi kwa fundi inafanywa juu ya lori.

Filta nayo ina habari yake. Vijana wanapenda ile ya wazi, yenye umbo la uyoga, kwa sababu inafanya turbo isikike ikivuta pumzi. Lakini mara nyingi inafungwa ndani ya boneti pasipo kifuniko, ikivuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini. Na vumbi letu si la kuchezea. Mchanga mwembamba wa njia ya Modogashe, ukipita kwenye filta isiyotunzwa, unakula mapanga ya turbo taratibu hadi kingo zake zinakuwa butu. Filta ya kiwandani, ile ya karatasi ndani ya kasha lake, yenye bomba linalovuta hewa ya nje mbele ya gari, inafaa hapa kuliko uyoga wa bei ghali. Najua haipigi kelele. Ifungeni hata hivyo.

Nimekaa sana kwenye joto na hewa kwa sababu kijana akishayaelewa haya anaanza kuliheshimu gari lake, na hapo ndipo mazungumzo ya uwanja yanawezekana.

Huenda hujawahi kusikia habari ya siku ya uwanja. Duniani kuna utaratibu ambapo mtu wa kawaida, si bingwa, analipia kuingia na gari lake mwenyewe kwenye barabara iliyofungwa, akalikimbiza kadiri awezavyo, kisha akarudi nyumbani kwa gari lilelile. Hakuna kikombe na hakuna pesa za ushindi. Huko Ujerumani, Nürburgring iliyofunguliwa mwaka 1927 bado hufungulia umma ile njia yake ndefu ya karibu kilomita 21 kwa wenye magari yao. Kwetu Kenya wapenzi wa magari walilichezea jina hilo wakapata Kiamburing, jaribio la muda katika Kaunti ya Kiambu ambapo barabara ya lami hufungwa na magari hutoka moja moja, dereva akishindana na saa. Halafu ipo autocross, inayoendeshwa chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, kwenye njia fupi ya udongo, na madaraja yake yanatenganisha magari yenye turbo na yasiyo na turbo. Kijana wa Forester yenye turbo hashindanishwi na mwenye Vitz.

Mimi nilipata kuendesha Impreza ya rafiki yangu, yenye turbo iliyobadilishwa, kwenye uwanja uliofungwa nje ya Nairobi, na ningependa nikueleze yaliyotokea tangu getini.

Getini hawakuuliza gari lina nguvu za farasi wangapi. Walifungua boneti wakaangalia kama betri imefungwa imara. Walinitaka nitoe kila kitu kilicholegea ndani: jeki, tairi la akiba, chupa ya maji, mkeka, hata tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo. Walishika kila tairi na kuvuta kila nati. Walitazama kama kuna kulabu ya kuvutia gari mbele na nyuma. Wakapima helmeti kichwani mwangu kwa kuitikisa. Kisha tukaketi chini ya turubai tukafundishwa bendera: ya njano punguza, kuna hatari mbele; nyekundu, kila mtu apunguze na kurudi; ya buluu, nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mpishe. Kumpita mtu kwenye kona ni marufuku, na ukilivunja hilo unafungasha unakwenda zako. Vijana waliokuja wakitamba wote walikuwa kimya wakati huo.

Kisha njiani. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha tairi na breki moto, na hakuna anayekimbia. Wa pili ndipo nilipokanyaga. Turbo kubwa haikujibu papo hapo. Ilikaa, sindano ya mizunguko ya injini ikapita 3,000, ikafika 3,500, halafu mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti na mwisho wa njia iliyonyooka ukawa umekuja. Kuchelewa huko ndiko kunakowaua watu barabarani. Unakanyaga katikati ya kona ukidhani gari halijaitika, unakanyaga zaidi, na nguvu zote zinafika kwa pamoja wakati usukani umekunjwa. Mwalimu aliyekaa kando yangu alisema jambo moja tu, na akalisema kila kona: breki mapema, kwenye mstari ulionyooka, kunja, ngoja hadi uione njia ya kutokea, ndipo ukanyage, polepole.

Mzunguko wa tatu kanyagio la breki lilianza kuwa laini. Nguvu ambayo breki inapaswa kuiua haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukienda 160 badala ya 80, nguvu hiyo inakuwa mara nne, na yote inageuka joto kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230, lakini yanafyonza unyevu hewani, na yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwa nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unazama bila gari kupungua. Uwanjani nilionyesha mkono, nikaendesha mzunguko mzima polepole ili upepo upoze breki, nikaingia kando. Wala sikuizima injini mara moja. Mhimili wa turbo bado ulikuwa moto, na oili ikisimama ghafla pale inaungua na kuwa masizi. Tuliiacha injini ikinguruma taratibu dakika chache, boneti wazi, tukisikiliza chuma kikilia kwa kupoa.

Sasa liweke tukio hilo la breki laini kwenye barabara ya kutoka Madogo, ng'ambo ya daraja, kwenda Bangale, saa saba za usiku.

Kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa gari linakwenda mita 39 kila sekunde. Taa za chini zinakuonyesha mita arobaini, hamsini hivi. Kabla akili haijaiambia miguu kitu, umeshakimeza kile kilichokuwa mwisho wa mwanga. Na kilichopo mwisho wa mwanga kwenye barabara yetu ni ngamia. Ngamia hutembea usiku, na rangi yake ni ya vumbi. Ngamia mzima ana kilo 400 hadi 600, na zote zimekaa juu ya miguu mirefu, kwa hiyo boneti inafagia miguu na mwili unaangukia kwenye kioo na paa, pale alipokaa dereva na yule wa kando yake. Waliowahi kufika mahali penye ajali ya namna hiyo hawahitaji nieleze zaidi. Na ngamia yule ni wa mtu. Ni maziwa ya watoto, ni karo, ni mahari, na mchungaji anayemfuata anaweza kuwa mvulana wa miaka kumi na miwili.

Vijana wetu hawakujifunza mwendo huo wenyewe. Wamekua wakitazama magari ya miraa. Miraa ikishachumwa kule Maua ina takriban siku mbili kabla haijapoteza nguvu na bei, kwa hiyo pikapu inatoka na turubai limefungwa, dereva amelipwa ili awahi, na kila mtu anajua kumpisha. Mtoto wa barabarani kwetu anamjua dereva wa miraa kwa jina la utani kabla hajamjua mwalimu wake. Na ule mwendo tumeukubali kwa miaka mingi kwa sababu una wateja wazito. Tukitaka kijana wa Subaru atusikilize, tuseme wazi kwamba huyo wa pikapu naye anakosea. Sheria ya Trafiki haina kifungu cha miraa.

Barabara zenyewe zinazidi kunyooka. Kipande cha Nuno hadi Modogashe kina lami, na ile njia kubwa ya Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera inajengwa chini ya mradi uliopewa dola milioni 750 na Benki ya Dunia mwaka 2020. Tuliililia lami miaka yote, na alhamdulillahi inakuja. Lami hiyo ni mamia ya kilomita yasiyo na kona na yenye mifugo pande zote mbili. Turbo zitaifuata.

Kwa hiyo ninasema hivi: Garissa ipewe uwanja wa udongo wa kukimbizia magari. Sisemi saketi ya Formula One. Nasema njia ya kilomita mbili au tatu, imelainishwa kwa greda, yenye kona nyingi na mnyooko mfupi ili mwendo usizidi, mbali na malisho na mbali na Bour-Algi wanakokaa twiga. Udongo unafaa kuliko lami kwa anayeanza, kwa sababu gari linateleza mapema kwa mwendo mdogo, na dereva anajifunza kulirudisha akiwa kwenye kilomita 60, badala ya kujifunza kwa 160. Lori la maji lipite kabla ya kila kundi kutuliza vumbi. Kuwe na gari la wagonjwa na muuguzi, kizima moto kila kona, uzio wa muda kuzuia mbuzi. Shirikisho lina kanuni zake tayari, tuwaalike waje watukagulie.

Ardhi ndiyo kazi ngumu, na tusijidanganye. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ya jamii, inayolindwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na hakuna afisa wala tajiri anayeweza kuamka akachora uwanja juu yake. Lazima wazee wakae, wafugaji waseme njia zao za maji ni zipi, akina mama wanaookota kuni wasikizwe. Ikichukua mwaka, ichukue. Uwanja uliopatikana kwa kuwapora wafugaji utakuwa na kesi kabla ya kuwa na kona.

Joto linashindika. Wenzetu wa Ghuba wana jua kali kuliko letu, na wengi wetu tuna ndugu huko wanaotutumia vipuri kutoka Dubai na Sharjah. Wao walihamia usiku na miezi ya baridi. Losail ya Qatar ilikuwa ya kwanza kuandaa mbio za MotoGP usiku, mwaka 2008, na Bahrain ikaweka mbio zake za Formula One chini ya taa tangu 2014. Sisi hatuna taa hizo, lakini tuna alfajiri. Baada ya swala ya alfajiri hadi saa tatu asubuhi, hewa bado ina ubaridi, intakula zinafanya kazi, na tairi haziyeyuki. Miezi ya hagaa, Juni hadi Agosti, ndiyo inayotufaa zaidi. Ijumaa hapana, na Ramadhani hapana.

Shekhe mmoja ninayemheshimu sana aliniambia huu wote ni israfu, kuchoma petroli bure. Nilimsikiliza, na sikumbishia kuhusu petroli. Nilimwambia, shekhe wangu, petroli hiyo inachomwa tayari kila wiki, na juu yake tunachoma roho za watu ambazo dini imetuamuru tuzilinde. Akauliza kama vijana watakubali kukaguliwa na kufuata bendera. Nikamjibu kwa niliyoyaona: pale getini waliwekwa foleni na kukaguliwa mmoja mmoja, wakakubali, kwa sababu aliyewakagua alilijua gari kuliko wao. Kijana anadharau amri ya mtu asiyejua turbo ni nini. Ndiyo maana nataka mafundi wetu wa hapa, wale wa karakana za Ngamia Road, wawe ndio wakaguzi, wafundishwe na walipwe.

Kwa idara ya usalama, ninawaomba mlitazame hili kama msaada. Mtakuwa na orodha ya kila gari lililobadilishwa, namba zake, jina la dereva, na siku moja inayojulikana ambapo mlio wa ekzosi hautamshtua mtu kwa sababu umetangazwa redioni. Siku nyingine zote, atakayelipua ekzosi mjini usiku hatakuwa na kisingizio.

Nanyi wenye magari, msisubiri uwanja ndipo muanze. Wiki hii yapelekeni kwa fundi apunguze shinikizo la turbo lililopangwa Nairobi, kompyuta ipangwe upya kwa hewa ya hapa na petroli ya hapa. Badilisheni mafuta ya breki. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yamekwisha kunywa maji. Ile programu ya kulipua ekzosi itolewe. Na atakayekuwa tayari kukaa na wazee kuzungumzia ardhi aje hapa kituoni aandikishe jina lake, aeleze ana gari gani na anaishi bulla ipi, yaani mtaa gani, ili mazungumzo yaanze kabla mvua za masika, yaani gu', hazijafunga njia za changarawe.